Wawili Waliotoka Baharini

Wengi wenu mnaokaa pwani mmekwisha kumwona pomboo akiruka, na taa amelazwa mchangani pale wavuvi washushapo samaki. Leo twataka kuwatazama jamaa zao wawili wakaao mbali kabisa na bahari, katika mto Amazon, Amerika ya Kusini.

Wazee wao walitoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Mtu aweza kudhani wote wawili ni samaki. La. Pomboo wa mtoni, ambaye akikua huwa na rangi ya waridi, ana damu ya moto, humnyonyesha mtoto wake, na hana budi kuja juu ya maji kuvuta hewa. Taa ndiye samaki hasa, ingawa hana hata mfupa mmoja. Mwili wake washikwa na gegedu, kama ile ya sikio lako. Hata hivyo naye huzaa watoto walio hai, jambo lililotushangaza sisi wenyewe.

Mto ukifurika, maji huingia msituni. Pomboo hupita katikati ya miti, kwani mifupa ya shingo yake haikuungana, naye hugeuza kichwa huku na huku. Katika maji ya matope hutoa sauti, kisha husikiliza mwangwi ili ajue samaki yuko wapi. Taa hana haraka hiyo. Hulala chini amejifunika mchanga, akivuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho. Hapo ndipo watu huumia, maana mkiani ana mwiba wenye sumu, na maumivu yake ni makali mno. Wenyeji wavukapo maji hawainui nyayo. Huziburuta, ili taa ashtuke aondoke.

Baharini hawezi kurudi tena. Taa wa bahari huhifadhi urea damuni ili chumvi isimnyang'anye maji ya mwili. Huyu wa mtoni amepoteza uwezo huo.

Na pomboo je? Mwaka 2023 ukame ulishika Amazon. Katika ziwa Tefé, nchini Brazil, joto la maji lilipita digrii 39, yaani kushinda joto la mwili wako. Pomboo zaidi ya 150 walikufa, wa waridi pamoja na jamaa zao wadogo wa kijivu. Hewa ya kuvuta ilikuwapo tele. Maji ya kukaa ndiyo yaliyowashinda.