Strawberry ni ya Gram, Plum ni ya Tumbo

Form ya January imetoka, na si base wala Naivasha. Ni Limuru. Kuchuna matunda na familia. Ndio, mathe, buda, shosh na watoi wote, ndae moja, AC ni dirisha.

Hesabu kwanza, juu hapa ndio watu hulilia. Tuseme shamba inaitisha punch kila kichwa. Mko sita. Thao tatu zimeenda na bado hujaguza tunda. Unapewa kikapu, unainama kwa mistari hadi mgongo inapiga nduru, unapeleka strawberry kwa mizani, unalipa tena kwa kilo. Umefanyia msee kibarua na wewe ndio umemlipa. Huyo mwenye shamba ametuwacha mbali, mpeeni heshima zake.

Shosh atauliza mbona msiende tu ocha, matunda ziko na ni za bure. Shosh, tulia. Ocha hakuna mtu wa kutupiga picha.

Sasa luku. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu, ukungu inaeza lalia majani chai hadi saa nne asubuhi, na bado kuna dem atatoka Umoja na kitop ya beach. Saa tatu atakuwa amevaa koti ya buda. Aibu ndogo ndogo. Ingine ni sneakers nyeupe. Udongo ya huko ni nyekundu na inashika, utarudi na rangi ya matofali na hakuna Jik itakuokoa. Vaa gumboot, manze. Gumboot, baggy jeans, hoodie. Hiyo ndio drip, na wasee wa Tigoni wako nayo kitambo, wanatucheki tu.

Njiani kuna game. Kila mara buda akisema "enzi zetu", unaweka alama moja. Jam ya Ruaka: enzi zetu hapa ilikuwa kahawa tupu. Moja. Banana: enzi zetu tulitembea hii yote kwa miguu. Mbili. Mkifika Tigoni ataanza ile ya chai kupandwa Limuru 1903. Ni ukweli, lakini nani alimuuliza? Tatu.

Mkishaingia shamba, skiza hii, juu wasee wengi hubeba takataka wakidhani wamebeba matunda. Strawberry ikishatoka kwa mmea haiivi tena. Embe ukiipata ngumu unaiwacha kwa kabati, inajipanga. Strawberry, zii. Ukiichuna na mabega meupe, inaeza ongeza rangi ikudanganye, lakini sukari haitaongezeka. Itabaki na huo uchachu hadi ioze. Kwa hivyo igeuze, cheki pale karibu na kile kikofia cha majani. Ikiwa nyekundu hadi hapo, chuna. Usiivute kwa mwili wake, kata kale kakijiti na kucha ya kidole gumba. Usiioshe hadi time ya kuimanga, juu ikikaa na maji inashika kuvu chap chap. Na kabla watoi waanze kumeza hapo hapo, uliza walipiga dawa lini. Usione haya. Haya ni ya wale wa sneakers.

Na hiyo story ya "strawberry season", ni marketing tu. Hapa kwetu hakuna winter, hiyo kitu ikipata maji huzaa karibu mwaka mzima. Mwenye shamba anajua. Anakuangalia tu ukikimbia na thao zako.

Kitu iko na season ni plum. December hadi February hivi, alafu inahepa. Mti yake inataka baridi ndio itoe maua poa, ndio maana utaiona Limuru, Kinale na Kinangop lakini hutawai iona Mombasa. Plum haikuangushi. Ina ngozi chungu kidogo, ndani ni sukari, juisi inakupitia hadi kiwiko. Hakuna mtu huweka hiyo Gram juu ukiila unakaa mtoi. Hapo ndio utajua ni tamu.

Na plum haihitaji kikapu ya kufumwa wala entri. Ongeza tu mafuta, panda highway ya Nakuru, simama Soko Mjinga. Ndoo zimepangwa kando ya lami, na mathe anaamka. Huyu mwanamke hakuongea shamba yote, sasa ameshuka na handbag kwa kwapa. Anaitishwa bei, anacheka. Anarudi kwa gari. Anaitwa. Anarudi kwa ndoo. Alafu ile move ya mwisho: anaambia msee amwage ndoo yote kwa karai, juu ya ndoo ni show, chini ndio kuna za kijani na zimepondeka. Mwanzo nilijificha nyuma ya seat. Saa hii namshikia karai.

Buda, dirishani: enzi zetu plum tulikuwa tunaiba kwa jirani. Wacha hiyo ihesabiwe mara mbili, ni confession.

Usimalize ndoo kwa gari. Plum huharakisha tumbo, na hiyo highway ukiwa na ngori haina huruma.

Usiku mathe atataka kupika jam na zile strawberry zimebaki: sukari mingi, ndimu, moto kidogo, kelele mob. Mwachie. Wewe beba bakuli ya plum, panda rooftop, na huyo neighbour wa third floor asipewe hata mbegu. Bado ako na charger yangu.