Mchoro wa chipu: Zanzibar husajiliwa, Bara sheria iko kimya

MBUNIFU wa Mbinga, mkoani Ruvuma, akichora chipu ya kupimia unyevu wa kahawa, atapata wapi hati ya kuulinda mchoro huo? Si kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, inayotumika Tanzania Bara, haina sehemu inayohusu mpangilio wa saketi ndani ya chipu. Hataza hulinda uvumbuzi mpya. Mpangilio wa transista, hata ukigharimu miezi ya kazi, mara nyingi haufikii kiwango hicho.

Zanzibar hali ni tofauti, kwa kuwa miliki ubunifu si suala la Muungano. Sheria yake ya Miliki za Viwanda ya mwaka 2008 inaitambua michoro hiyo, ila ulinzi wake unaishia Visiwani.

Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) unadai ulinzi wa angalau miaka 10, lakini nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, zimeongezewa muda hadi Julai 1, 2034. Nafuu hiyo huwafaa zaidi wanaonakili. Mbunifu wa Mbinga kinachomsalia ni mkataba wa kutunza siri na kiwanda kitakachomtengenezea.