Mbona Babu Anasimama Ukimwamkia?

Hebu tembea hadi mlangoni huku ukihesabu kinyumenyume kutoka 100, ukipunguza tatu tatu: 100, 97, 94... Mwendo umepungua kidogo, si ndiyo? Sasa mfikirie babu aliyepata kiharusi.

Kwako wewe miguu inajiendea tu huku kichwa kikiwaza mengine. Kiharusi kinatokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo ndani. Ikiumia sehemu inayoongoza mwendo, kila hatua inabidi ifikiriwe: inua mguu, usiuburute, kanyaga. Ndiyo maana ukisema "Shikamoo babu!" anasimama kwanza, halafu ndipo anaitikia "Marahaba." Wengine nyumbani husema eti siku hizi hasikii vizuri. Wala! Kazi mbili zimekutana, naye amechagua moja.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Uswidi, walitoa taarifa ya wazee 58 wa makazi ya wazee, ambao walitembea nao huku wakiwasemesha. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Si wote waliokuwa na kiharusi, lakini somo linawahusu.

Basi tumnyamazie babu? Hapana. Maisha yenyewe ni kazi mbili kwa mpigo: kubeba kikombe cha chai, kumjibu jirani njiani. Kwa hiyo wataalamu wa mazoezi ya viungo huwazoesha wagonjwa hivyo hivyo. Mgonjwa anatembea huku akitaja majina ya samaki, au siku za wiki kuanzia mwisho, au ameshika glasi ya maji. Tafiti zinaonyesha mwendo unaweza kuongezeka kasi. Kwamba watu wataanguka mara chache zaidi, ushahidi bado si imara.

Wewe unaweza kumsaidia, ila mtaalamu wake akubali kwanza. Anzeni babu akiwa amesimama tu, ndipo atembee. Kaa upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Sakafu iwe kavu, mikeka na ndoo viondolewe. Akianza kuyumba au kuburuta mguu, swali lako ni gumu mno, mpe rahisi. Akisikia kizunguzungu, aketi.

Na mkifika barabarani, maswali weka kando. Vukeni kwanza.