Robota la Caguwa na Vita vya Ushuru: Mfanyakazi Aelewe Nini?



Tunapokutana nanyi sokoni Mbugangari, mnatuuliza: kwa nini caguwa ilipandishwa bei, na kama ilipandishwa ili tupate viwanda, viwanda viko wapi? Swali hili ni la haki. Tutalijibu hatua kwa hatua.

Kwanza, tuelewe ushuru. Ushuru wa forodha ni fedha anayolipa mwenye kuingiza mali nchini. Hadi mwaka 2016 Rwanda ilitoza dola 0.20 kwa kila kilo ya nguo za mitumba. Mwaka huo ikapandisha hadi dola 2.50. Chukua robota la kilo 45. Zamani ushuru wake ulikuwa dola 9. Baadaye ukawa zaidi ya dola 112. Mchuuzi hawezi kutoa fedha hizo mfukoni mwake. Humwongezea mnunuzi, na mnunuzi ni mimi na wewe.

Nia ilikuwa nini? Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba pole pole. Walikumbuka yaliyovipata viwanda vya nguo vya Kenya na Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990. Vingi vilidhoofika au kufungwa. Mashine zilichakaa, madeni yalizidi, soko likafunguliwa, na shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya likauzwa kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kushona.

Pili, tuwatazame wakubwa. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo AGOA, iliyoruhusu mali nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika nafasi hiyo. Kenya ilijitoa mapema katika mpango wa kuzuia mitumba, kwa sababu viwanda vyake vya nguo huuza sana Marekani. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa. Mwisho wa Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa katika AGOA. Marekani yenyewe ilisema mauzo yaliyoguswa yalikuwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Sasa angalieni. Mwezi huo huo wa Julai 2018, Marekani ilianza kutoza ushuru mpya juu ya bidhaa za China, ikisema inalinda viwanda na kazi zake. Tendo ni lile lile. Mkubwa akilifanya, ni ulinzi. Mdogo akilifanya, anaadhibiwa. Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 10 au zaidi juu ya bidhaa za karibu nchi zote. Septemba 2025 muda wa AGOA ukaisha, na nchi zote zikabaki kungoja uamuzi wa Washington. Kiwanda kinachotegemea hisani ya mtu mmoja hakilali usingizi.

Lakini tusidhani kwamba mpinzani wa Marekani ni mjomba wetu. Caguwa ilipopungua, nguo mpya za bei nafuu kutoka China zilijaza nafasi. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Tatu, kiwanda hakijengwi kwa ushuru peke yake. Kigali kuna UTEXRWA tangu mwaka 1984, na mwaka 2015 kampuni ya Kichina ya C&H ilianza kushona nguo huko. Ni jambo jema. Lakini kushona ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna pamba, uzi, kitambaa, rangi, zipu na vifungo. Hivyo vikitoka mbali, fedha nyingi nazo hurudi mbali. Pamba inalimwa Tanzania na Uganda, lakini nyingi husafirishwa ikiwa ghafi. Majirani tungeunganisha pamba, uzi na cherehani zetu, tungekuwa na kiwanda cha kweli.

Sisi wa mpakani tuliona upungufu huo mapema. Goma mitumba iliendelea kuingia. Bei zikatofautiana hatua chache tu kutoka nyumbani kwetu, na magendo yakazaliwa. Mama aliyekamatwa na nguo alizojifunga kiunoni alipoteza mtaji wote. Hakuwa adui wa viwanda. Alinyang'anywa kazi ya zamani kabla ya kuonyeshwa mpya.

Nne, mshahara. Kwa zaidi ya miaka 40 kima cha chini kilichoandikwa katika sheria yetu kilikaa faranga 100 kwa siku. Leo hiyo ni bei ya andazi. Mshonaji asiyeweza kununua shati analolishona hawezi kukifanya kiwanda chake kiuze.

Hivyo basi, tunataka viwanda, wala hatuombi caguwa irudi kama zamani. Tunachodai ni mambo matatu: mchuuzi anayefungiwa biashara afundishwe kazi na apewe mkopo, kiwanda kinacholindwa kwa ushuru kilipe mshahara wa kuishi na kuheshimu chama cha wafanyakazi, na nchi jirani zishikamane zinapokwenda kuzungumza na wakubwa. Mwaka 2018 tulitengana, na kila mmoja akashughulikiwa peke yake.

Umoja ni nguvu. Somo hili lisomwe mkutanoni, lijadiliwe, na mwenye swali alilete.