PICC: Mrija unaokaa mwilini kwa miezi, na kwa nini si kila mtu anaweza kuuweka

Ukilazwa na kuwekewa dripu, kile kimrija kinachobandikwa mkononi kinaitwa kanula. Kinafaa kwa siku chache tu. Baada ya hapo mshipa unaanza kuuma, mkono unavimba, na muuguzi anatafuta mshipa mwingine.

Sasa fikiria mgonjwa wa saratani anayetakiwa kupewa dawa kwa miezi kadhaa. Kuchomwa kila mara ni tatizo moja. Kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya dawa hizo, kama doxorubicin, zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama ya mkono mpaka kidonda.

Ndiyo maana kuna katheta za muda mrefu. Mojawapo inaitwa PICC, tamka "piki". Inaingizwa kwenye mshipa wa mkono, juu ya kiwiko, kisha inasukumwa taratibu hadi ncha yake ifike kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo, karibu kabisa na moyo. Pale damu ni nyingi na inakwenda kasi, hivyo dawa kali inachanganyika haraka.

Tatizo ni kwamba njia hiyo hiyo inaweza kupitisha bakteria.

Kwa hiyo anayeiweka lazima ajue kusoma mshipa kwa altrasaundi, asiuchanganye na ateri, na apime urefu mapema, maana mrija ukizama sana moyo unaweza kupiga ovyo. Avae kofia, barakoa, gauni na glavu zisizo na vijidudu, na mgonjwa afunikwe shuka kubwa safi vivyo hivyo. Mara nyingi eksirei ndiyo inathibitisha ncha imefika inapotakiwa.

Haya hayajifunzwi kwa kutazama tu. Katika hospitali moja ya Chicago, Marekani, madaktari wanafunzi walifanyishwa mazoezi kwenye sanamu hadi wafaulu, ndipo wakaruhusiwa kuwawekea wagonjwa wa ICU katheta za shingoni na kifuani. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, maambukizi ya damu yalishuka kutoka 3.2 hadi 0.5 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na katheta. Sanamu tu!

Ukiambiwa utawekewa PICC, muulize anayekuhudumia: umeshaweka ngapi, na nani anakusimamia? Si utovu wa adabu. Na kama una shida ya figo, sema mapema. Mishipa hiyo ya mkono unaweza kuihitaji baadaye kwa ajili ya kusafisha damu, na daktari anaweza kuchagua njia nyingine.

Ukirudi nyumbani, usilowanishe bandeji na usipimwe presha kwenye mkono huo. Ukipata homa na kutetemeka, hasa muda mfupi baada ya mrija kusafishwa, usimeze panadol ukasubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.