Utomvu, lateksi na utando: namna ya kutaja chembe zilizovikwa polima

Utomvu ni majimaji mazito yatokayo kwenye mmea uliokatwa au kuvunjwa. Mkulima wa muhogo huko Ilagala, kando ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Uvinza, huuona kila avunjapo jani bichi: tone jeupe kama maziwa, linalonata vidoleni. Muhogo una ndugu yake, mti wenye asili ya Brazili uliopandwa kwa wingi Tanga enzi ya Wajerumani. Utomvu wake ukigandishwa huwa mpira, na mti wenyewe ukaitwa mpira. Ulimbo ni kitu kingine: ni gundi ya kunasia ndege, ingawa mara nyingi hutengenezwa kwa utomvu.

Kwa mkulima maneno hayo yanatosha. Kwa mfasiri wa kemia hayatoshi. Utomvu wa mpira ni chembe ndogo mno za mpira zinazoelea majini bila kuyeyuka, mfano wa mafuta yaliyomo katika maziwa. Viwanda vilipoanza kuunda polima, yaani molekuli ndefu zenye viungo vidogo vinavyojirudia, na kuziacha zielee majini kwa namna hiyohiyo, wanakemia wa Ulaya waliendelea kutumia jina la utomvu wa mti. Rangi nyingi za maji zipakwazo ukutani ni za jamii hii. Lakini katika Kiswahili neno utomvu halijaachana na mmea, na anayesoma “utomvu wa polistirini” atautafuta mti. Hapo lateksi ndilo neno salama. Utomvu ubaki kwa mimea.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kueleza chembe za lateksi zinapovikwa polima ya aina nyingine. Polima nyingi hazipitishi umeme, ndiyo maana nyaya za nyumbani huzungushiwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri sana, na mwaka 2000 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Polima za namna hii, polipiroli ikiwa mojawapo, zina kasoro: haziyeyuki kwa urahisi wala hazifinyangiki. Njia mojawapo ya kuikwepa kasoro hiyo ni kuzitandaza juu ya chembe za lateksi. Piroli hutiwa ndani ya lateksi pamoja na kloridi ya chuma. Polipiroli huundwa humohumo majini na kutua juu ya chembe, na kilichokuwa cheupe kama maziwa hugeuka cheusi. Nchini Uingereza chembe za polistirini zilizovikwa hivyo zimetumiwa kuiga vumbi la anga za juu: utando hupokea chaji, hivyo chembe huweza kurushwa maabarani kwa kasi kubwa mno.

Kitenzi kupaka hakifai sana hapa, kwa kuwa humleta akilini mtu na brashi yake. Kuvika kinafaa zaidi, tena hupokea yambwa mbili bila taabu: kuvika chembe utando, kama vile kumvika bwana harusi kilemba. Na utando, neno linalotokana na kutanda, hueleza vyema tabaka jembamba linalojijenga lenyewe, kama lile la juu ya uji uliopoa.

Sasa tazama “chembe za polima zinazopitisha umeme”. Ni nini kinachopitisha umeme? Chembe na polima zote ni za ngeli ya I/ZI, na kiambishi zi- huweza kurejelea lolote kati ya hayo mawili. Ukisema “chembe za polima inayopitisha umeme”, utata unaondoka lakini ukweli unapotea pia, maana sasa chembe nzima imeundwa kwa polima hiyo, ilhali kiini chake ni polistirini isiyopitisha umeme hata kidogo. Mwanafunzi akisoma hivyo hataelewa kwa nini utando ulihitajika.

Andika: “chembe za lateksi zilizovikwa utando wa polima upitishao umeme”. Kiambishi u- hakiwezi kurejelea chembe wala polima. Kinarudi kwenye utando peke yake. “Unaopitisha” si kosa, ila “upitishao” hutaja sifa ya kudumu, na istilahi huhitaji hivyo. Tabaka likiwa nene na gumu, “ganda lipitishalo umeme” litafaa. Lisipoenea chembe nzima, kama itokeavyo mara kwa mara, ganda halifai tena. Sema “mabaka ya polipiroli”.