Usitafsiri Kiswahili unapojibu sarufi ya Kiingereza

Mtahiniwa, alama nyingi za sarufi hupotea kwa kutafsiri Kiswahili neno kwa neno. Jihadhari na mitego hii mitatu.

1. Prefer. Tunasema "napendelea sato kuliko sangara", hivyo wengi huchagua "than". Jibu sahihi ni "to": I prefer tilapia to Nile perch.

2. Although. Kiswahili hukubali "ingawa... lakini". Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu: Although the lake was rough, the boat reached Goziba. Ukiongeza "but", umekosa. Ukiambiwa uanze na "Despite", weka nomino: Despite the rough lake, the boat reached Goziba.

3. Since na for. "Since" hutaja tendo lilipoanza. "For" hutaja urefu wa muda: since Monday, for three days.

Kabla ya kuchagua, soma sentensi nzima na upigie mstari neno linaloamua jibu.

Jipime:
(a) She prefers walking ___ cycling.
(b) We have lived in Muleba ___ 2019.
(c) ___ the heavy rain, they went to Bukoba.

Majibu: (a) to (b) since (c) Despite